Kaburi Lisiloota Nyasi

Mjomba wako Kastori amekuja leo, ameingia ndani, amekaa kwenye kiti cha baba yako na amekula wali wangu mpaka akaomba ukoko. Nimeanza na hilo kwa sababu kifua kimejaa, na ningetanguliza salamu ningepasuka.

Haya, Skola mwanangu, sasa nakusalimu. Tumsifu Yesu Kristo, na najua umeitika hata kama uko ndani ya basi na jirani yako wa kiti anakushangaa. Barua hii nitaikunja niiweke juu kabisa ya nguo zako, na ombi langu ni usiifungue mpaka mmeipita Morogoro. Ukiifungua stendi utaniangalia usoni, na mie silii mbele ya makondakta.

Sasa hivi ni magharibi. Wewe umeenda kuwaaga wenzio wa kwaya, na baba yako yuko uani anapiga msasa kale kamsalaba ka mpingo anakotaka uende nako, anajifanya vumbi limemwingia machoni. Mambo ya chandarua, sabuni na watu wa kukaa nao mbali tumeyasema wiki nzima, na wewe masikio unayo. Sitayarudia. Mie niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unaujua. Katibu wa jumuiya akiwa na tangazo la maana ananiletea mie. Basi niachie leo niandike marefu.

Kesho unaenda Songea kusomea uuguzi. Naliandika tena kwa sababu ni tamu: mwanangu anaenda kusomea uuguzi. Nimemwambia kila mteja aliyeniletea kitambaa mwezi huu, na wengine nimewaambia mara mbili. Tena unaenda kwenye nchi aliyozaliwa bibi yako Theodora, na ndiyo maana inanipasa nikueleze habari yake na habari yangu na mjomba wako. Ulikuwa mdogo. Uliona tu kwamba Krismasi moja hatukwenda kwake Temeke, na zilizofuata hatukwenda pia.

Unajua nilivyo na mama yangu. Goba nzima inajua. Alikuja kwetu kutoka Songea akiwa mjane, rozari shingoni, akakaa nasi mpaka Mungu alipomchukua. Misa ya alfajiri alikuwa hakosi, mvua au jua, anapanda kilima na mkongojo wake anawapita vijana. Akisikia mtaa wa pili kuna mgonjwa, ukimtafuta utamkuta kando ya kitanda cha huyo mgonjwa. Wewe mwenyewe alikufundisha Salamu Maria kabla hujaweza kutamka Skolastika. Na hakula chakula cha ovyo. Hata akialikwa alikuwa akienda na chakula chake kwenye hotpoti, na mie ndiye niliyempakia, kifuniko nakifunga kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Alipokufa alikuwa ameshapakwa mafuta matakatifu na kukomunika. Nikamshonea gauni jeupe kwa mkono, sindano na uzi, sikutaka cherehani impigie kelele. Waombolezaji walisema hawajaona marehemu aliyependeza vile. Nikawaambia hawajaona kwa sababu hawakuwa na mama kama wangu.

Ikafika Novemba ya kwanza bila yeye. Desturi yetu unaijua: kila nyumba inapeleka majina ya marehemu wake, wanatajwa misani mwezi mzima, ili aliye bado anatakaswa toharani sala zetu zimsogeze mbinguni. Tulikuwa kwenye jumuiya, nyumbani kwa mwenyekiti, akanigeukia.

"Mama Skola, jina la bibi bado hujalitoa."

"Sina jina la kutoa."

"Huna vipi?"

"Mama yangu hayuko toharani. Walioko mbinguni siku yao ni tarehe mosi, Watakatifu Wote. Mkitaka kumtaja, mtajeni huko."

Watu wakatazama mikeka. Baba yako akakohoa, na tulipokuwa njiani kurudi akasema, "Mke wangu umepata mtakatifu wako binafsi. Sie wengine tutaendelea na hawa wa kawaida." Sikumjibu mpaka kesho yake.

Paroko naye aliniita, mtu mpole yule. Akaniambia, "Mama, ukimwombea aliyekwisha kufika, Mungu haitupi sala yako, atampa mwingine mwenye shida. Na hakuna aliyekukataza kumwomba mama yako naye akuombee." Nikaitikia ndiyo, Padre, nikatoka na msimamo wangu kama nilivyoingia nao. Hata jirani yetu Mama Zuhura, Mwislamu wa watu, siku moja nampima gauni la harusi, akaniuliza kama ni kweli anayoyasikia. Nikasema ni kweli. Akasema, "Mie marehemu mama alihiji. Na kila mwaka tunamsomea hitima, tunapika ubwabwa, tunamwombea. Ndiyo tumemtangaza mwizi?" Nikamwambia hayo ni ya dini yenu. "Dini ndiyo tofauti," akasema, "kiburi hicho hata kwetu kipo. Hebu legeza hapo kiunoni."

Mie masikio nilikuwa nimeyaziba, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na ishara. Kila nilipokwenda makaburini, kaburi la mama nalikuta jeupe. Ya jirani yamemezwa na nyasi mpaka kiunoni, misalaba imelala, lake limekwanguliwa safi kama uwanja wa kanisa. Kufyeka sijafyeka mie, na walinzi wa pale nikiwauliza wanacheka tu. Nikasema basi, hata nyasi zinamjua. Nikalisema kwenye jumuiya, nikalisema saluni, nikawaambia wanakwaya waliokuja kupima sare. Mama mmoja, mwanawe akiumwa degedege, alichota udongo wa pale kwenye kikopo, na mie nikamwangalia tu. Mtoto alipona baada ya kulazwa hospitali. Sifa nikazipeleka kwa mama.

Sasa Temeke. Binti wa mjomba wako, Neema, alipopata Komunyo ya Kwanza, tulikwenda wote, mie na wewe tumevaa kitenge kimoja. Kabla misa haijaanza, msomaji akatangaza nia: misa ile inatolewa kumwombea marehemu Theodora, imeombwa na mwanawe Kastori. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Misa yote sikuimba, na unajua mie nikiwa kanisani wanaonisikia ni wengi. Tulipotoka uwanjani nikamshika mkono wa shati.

"Kastori, unamtangaza mama toharani mbele ya watu wote hawa?"

"Namwombea mama, dada."

"Mama ndiye anayetuombea sie. Ana lipi la kumchelewesha mlangoni?"

Mkewe, Mama Neema, alikuwa amesimama hapo pembeni anawakaribisha watu waende nyumbani kula. Kastori alimtazama mkewe, halafu akanitazama mie.

"Ni mama yangu pia," akasema. "Na mie namjua."

Nikakushika mkono tukaondoka bila kuonja pilau. Ulilia njia nzima, na haikuwa kwa ajili ya bibi, ilikuwa kwa ajili ya soda. Tangu hapo ndugu yangu wa pekee, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikawa nasikia habari zake kwa watu.

Leo mchana, wewe na baba yako mko Kariakoo mnatafuta godoro, nikasikia hodi. Nikasema, "Karibu, lakini kama ni ile sketi ya kijani bado sijaikata." Sauti ikasema, "Ni mie, dada. Sina sketi."

Kumbe ni wewe uliyempigia. Ulimwambia huwezi kwenda kusomea kazi ya kuhudumia watu bila baraka za mjomba. Na kwangu hukudokeza kitu. Ningekugombeza, lakini sijui ningeanzia wapi, maana nilipomwona amesimama pale mlangoni, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nilisahau mkasi uko mkono gani. Alikuwa na saa ya mkononi mfukoni, ya mshale wa sekunde, anasema manesi wanaihitaji kuhesabia mapigo. Iko ndani ya soksi zako nyeupe. Akasema, "Nimekuja kumwona mtoto. Kama hayupo, mzigo huu hapa, bodaboda ananingoja chini." Hata maji alikataa.

Hapo ndipo ikashuka mvua. Kilima chetu unakijua, ikinyesha udongo unakuwa sabuni, hapandi mtu wala hashuki. Bodaboda wake alipiga honi mara moja, akakimbia. Mjomba wako akaingia ndani mabega yamelowa.

Somo wako, Mtakatifu Skolastika, alikuwa na kaka yake mtawa, wakionana kwa nadra. Siku moja kaka akataka kuondoka mapema na yeye bado ana maneno, basi akainamisha kichwa akasali, ikapiga mvua ya radi hata kaka asiweze kutoka, wakazungumza mpaka kukakucha. Mama alikuwa akinisimulia hayo tunapokoka moto kule Songea, na ndipo nilipolipata jina lako. Leo sikuomba mvua, nisimsingizie mtakatifu. Ila ilipoanza sikuikataa, na wali nikauinjika haraka kabla haijakatika.

Tukaanza kula. Mie kimya siwezi, kwa hiyo nikasema la kwanza lililonijia.

"Kaburi la mama bado halioti nyasi. Miaka yote hii."

Akaacha kutafuna. "Halioti?"

"Halioti. Ukienda utaona mwenyewe. Ya wenzake pori, lake jeupe. Hata nyasi zinamheshimu."

Akaweka kijiko chini. Akaanza kucheka, Skola, akacheka mpaka akapaliwa, nikasimama nikampigapiga mgongoni, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile nilipomshika shati.

"Dada," akasema, machozi yanamtoka, "nyasi hazimheshimu mtu. Ni Mama Neema. Kila mwezi anatoka Temeke na fyekeo lake kwenye kiroba."

"Mama Neema yupi?" nikauliza, kama vile wako wengi.

"Mie ninaye mmoja."

Mama Neema ni Mlutheri, mtu wa Njombe, na kwao hawaombei wafu. Nikamwuliza mjomba wako sasa anakwenda kufanya nini pale. Akasema hata yeye alimwuliza hivyo hivyo, na mkewe akajibu kwamba ni kaburi la mkwe wake, basi. Halafu kicheko kikamwisha. Mvua ilikuwa inapiga bati, akasogeza kiti ili nimsikie.

"Mama hakuwahi kula chakula cha mke wangu. Hata siku moja. Mke wangu anaamka anapika, anaandaa meza, mama anaingia na hotpoti yake. Anaifungua mbele yetu, anafanya ishara ya msalaba, anakula. Watoto wanamwangalia. Kwa sababu yule ni Mlutheri."

"Mie nilijua ni tumbo lake."

"Hukujua hivyo, dada."

Na kweli sikujua hivyo. Nilijua kama ilivyokuwa, na nilipokuwa nakifunga kile kifuniko nilijivunia mama mwenye imani isiyotikisika.

"Ndiyo maana namwombea," akasema. "Mtu akishakufa huwezi kumwita mkae mlimalize. Mie nikaona niende misani. Kila nikimwombea, namsamehe kidogo. Kidogo kidogo nimefika mbali. Sasa wewe ukisimama uwanjani ukasema mama hana lolote la kuombewa, unamwambia mke wangu hakuona alichokiona."

Nilitaka kujibu, mwanangu. Unanijua, jibu huwa liko tayari kabla swali halijaisha. Leo badala ya jibu nilimwona Mama Neema ameinama na fyekeo kwenye jua lile la makaburini, anakwangua nyasi juu ya mtu aliyekataa wali wake, na mie napita wiki ya pili yake najisifu kwa kazi ya mikono yake.

Mpaka sasa hivi ninavyoandika, mie naamini mama yangu yuko mbinguni. Hapo hakuna atakayenitoa. Lakini kama alichelewa mlangoni, alichelewa kwa ajili ya ile hotpoti, na mie niliyekuwa nikiifunga sina haki ya kukaa kimya wenzangu wakimwombea.

Nikamwambia Kastori anipigie mkewe. Akapiga, akanipa simu.

"Wifi," nikasema, "ni mie. Mama Skola wa Goba."

"Nimekusikia, wifi."

"Leo nimeambiwa nani anafyeka."

"Kwetu hatuombei wafu," akasema, "lakini kufyeka hawajatukataza."

Nikamwambia samahani. Nilisema vibaya, maana neno lenyewe sijalizoea, nililisema kama mtu anayetapika mfupa. Nikamwomba tukikutana makaburini, chakula cha baada ya hapo apike yeye, na sahani ya kwanza iwe yangu. Akasema atafikiria. Akafikiria kama mtu anavyovuta pumzi, akasema, "Mchele ulete wewe."

Mvua ilikatika na mjomba wako hakuinuka. Ndipo alipoomba ukoko. Akaondoka kabla hamjarudi, maana zamu yake ya bandarini inaanza jioni na itakwisha basi lako limeshatoka, kwa hiyo baraka zako ameniachia mie, na nitakupa kesho alfajiri mkono juu ya kichwa bila kusema ni za nani. Sasa umeshajua. Mlipoingia na godoro nilikaribia kusema, lakini uliniambia "Mama, macho yamekuwaje?", nikakujibu ni kitunguu.

Nashukuru, Skola. Nashukuru kwa simu yako ile ya kificho. Nashukuru kwamba miaka yote ambayo mie nilikuwa napiga domo, mama yangu hakukosa mtu wa kumtaja wala wa kumsafishia. Nilidhani mie peke yangu ndiye ninayempenda, kumbe nilikuwa na msaada ambao sikuuomba, tena kutoka kwa niliyemdharau. Ukinisikia tena najisifu, na utanisikia, jua kwamba ndani yake siku hizi kuna na aibu kidogo, imekaa kama chumvi.

Nawe pia nimekufanya sanamu, najua. Nimewatangazia watu mpaka wanakuogopa. Ukifeli mtihani nambie. Ukimkosea mtu huko, au ukimpenda mtu ambaye mie nitamkunjia uso, nambie vilevile. Nataka kumwombea Skola aliyepo, yule ninayemtangaza kwa wateja hana shida ya sala zangu. Na mie nikifa, nisafishe kwa maneno uwezavyo msibani, watu wasikie, ndivyo nipendavyo. Halafu nenda kanipelekee jina langu Novemba bila kusita. Unayajua yangu yote, na ukimwuliza mjomba wako akuongezee, mengine anayo.

Huko wodini utawaona watu wakikata roho. Wengine watakuwa na ukoo mzima mlangoni, wengine hawana hata wa kuwaulizia. Mie sijui kazi ya uuguzi, sitakufundisha. Ninachokuomba ni kimoja: asiye na mtu, ulizia jina lake kabla hajaondoka, awe wa dini yoyote, halafu litaje mbele za Mungu ukiwa unanawa mikono. Tunasali kila Jumapili kwamba tunasadiki ushirika wa watakatifu, na mie nimekuwa nikilisema hilo kwa sauti kuliko wote, bila kufikiri kwamba maana yake ni watu kushikana, waliopo na walioondoka, na wa katikati kama alivyo mama yangu, kama ni kweli yuko katikati.

Mwenyekiti wa jumuiya nimeshampigia. Nikamwambia nina jina la kupeleka. Akauliza la nani, nikamwambia Theodora. Akasema, "Nilikuwa nimeliachia nafasi."

Padre atapita kubariki makaburi kaburi kwa kaburi. Baba yako atapaka rangi msalaba. Kastori anakuja na mkewe na watoto wote, Neema utamshangaa alivyorefuka. Mama Zuhura amesema atafika, atakaa pembeni chini ya mwavuli, na kwamba mwanamke aliyeniziba mdomo lazima amwone kwa macho. Wewe utakuwa na masomo, sikudai nauli wala safari. Omba ruhusa kidogo tu, ingia kanisa lililo karibu, mtaje bibi yako kwa sauti huko alikozaliwa, wakati sie tunamtaja huku alikolala. Ni tarehe mbili Novemba, siku ya Marehemu Wote, mara baada ya misa ya asubuhi. Sote tunategemewa kufika, wewe huko na sie huku.